Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: heroe wa Ziwa Natron waachwe watage

Mheshimiwa Waziri,

Nilifika Ngare Sero usiku, na alfajiri kijana wa Kimaasai akatuongoza kwa miguu hadi ziwani, mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa bado giza nyuma yetu. Tulikanyaga magadi alipokanyaga yeye. Mahali fulani akanyoosha fimbo: basi, hapa. Mbele yetu heroe walijaa, shingo zimeinama, wakichuja mwani. Tulinyamaza wote, hata watoto.

Kisha kundi jingine la wageni likarusha droni. Heroe wakainuka kwa mkupuo, na hawakurudi pale tena asubuhi ile. Kijana wetu alibaki anatazama. Hakuwa na karatasi wala cheo cha kuwaambia washushe kile kitu.

Siku ile ndege walikuwa wanakula tu. Je, wangekuwa wamelalia? Heroe mdogo, ndilo jina la aina hii, hutaga yai moja. Hulijengea kichuguu cha tope katikati ya magadi, ambako fisi na mbweha hawafiki kirahisi. Maji yakijaa, viota vinazama. Yakikauka mno, adui anatembea hadi kwa kinda. Ipo miaka wasiyotaga kabisa. Na takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa Natron. Hao wanaopigwa picha Nakuru na Bogoria, kule Kenya, wengi wao ni wazaliwa wa huku kwetu.

Ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001, na nchi yetu iliahidi kulitunza. Mto Ewaso Ng'iro unaolilisha unaanzia Mau, nchini Kenya, kwa hiyo maji yake tunayazungumza na jirani. Mwenendo wa wageni uko mikononi mwako.

Naomba droni zipigwe marufuku wakati wa kutaga, na umbali wa kusimama uandikwe kwa Kiswahili, Kimaasai na Kiingereza pale wageni wanapolipia. Zaidi ya yote, waongozaji wa vijijini wapewe mamlaka ya kumrudisha mgeni. Wao ndio wanaojua gamba la magadi linabeba wapi na linapasuka wapi. Ndio pia wanaoona kwanza ndege wakianza kujenga.

Yule kijana yupo Ngare Sero. Akipata barua yenye muhuri wa wizara yako, kesho yake anaanza kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtalii wa ndani