Kwa mdogo wangu, uliyekiachia kitabu njiani

Mdogo wangu,

Umenirudishia kitabu na kijikaratasi ndani: "Majigambo matupu. Nani huyu anajiita Riwaya Kuu ya India?" Nimecheka peke yangu. Jina hilo la kitabu ni mzaha. "Maha" ni kuu, Bharat ndiyo India wanavyoiita wenyewe. Mwandishi wake, Shashi Tharoor, mwaka 1989, alichofanya ni kutafsiri tu jina la Mahabharata, utenzi wao wa kale.

Hebu rudi kwa yule mfalme kipofu. Katika utenzi, Dhritarashtra ana wana wa kiume mia moja, na mkewe amejifunga kitambaa machoni maisha yake yote ili asione asichokiona mumewe. Tharoor kamfanya mfalme huyo kuwa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Wale wana mia wamekuwa binti mmoja, Priya Duryodhani, jina la yule mwana aliyeng'ang'ania kiti mpaka vita ikazuka. Msomaji wa India hahitaji kunong'onezwa kwamba huyo ni Indira Gandhi, binti wa Nehru aliyekuja kuwa waziri mkuu, na ile hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, alipobana uhuru wa watu. Sasa ona Nehru alivyosemwa bila kutukanwa: mzee wa watu, mwenye maneno matamu, ila haoni anachokilea nyumbani mwake.

Wale ndugu watano wa utenzi, mahasimu wa wana mia, nao wamo. Bhim, mwenye misuli, ni jeshi. Arjun ni magazeti. Mapacha ni watumishi wa serikali na wanadiplomasia. Mke wao wa pamoja anaitwa Draupadi Mokrasi; litamke haraka haraka utasikia demokrasia. (Utani wa aina hii umezidi, nakubali. Nilipofika katikati ulishanichosha.)

Ila uliposema ngano ni pambo tu, hapo sikubali. Mwaka 1987 na 1988 televisheni ya taifa ilionyesha Ramayana, utenzi wao mwingine wa kale unaomhusu mungu Rama, kila Jumapili asubuhi, na wapo waliowasha udi mbele ya runinga. Desemba 6, 1992, umati ukaubomoa msikiti wa Babri kule Ayodhya, ukidai ndipo alipozaliwa Rama. Visa vya tenzi hizo vilikuwa mikononi mwa wengi. Tharoor alivichukua awacheke wakubwa.

Kitabu nakirudisha kwako. Mwandishi mwenyewe aliingia bungeni mwaka 2009, kwa tiketi ya Congress, chama kile kile cha Nehru, jimbo la Thiruvananthapuram. Ukimaliza kusoma, niambie angejiweka kiti gani katika jumba lile la kipofu.

Dada yako