Dada, neno ninalo

Shikamoo dada. Hupokei simu zangu tangu Pasaka, na kwenye grupu la familia unasoma unapita, kwahiyo naandika huku, najua kuna mtu atakutumia tu.

Nianze na yule mtoto wa shangazi maana ndo ulikoudhika. Nilisema siwezi kukaa nae miezi miwili ya fildi, hayo mafunzo yake ya vitendo. Sio kwamba simpendi, yule nimembeba mgongoni kule Kongwa wakati wewe uko bodingi. Ila napanga vyumba viwili hapa Nkuhungu, Dodoma, unavijua. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 safari za ukoo mzima zinaishia kwangu, mwenye usaili pale chuo kikuu UDOM analala kwangu, mwalimu anafuatilia uhamisho TAMISEMI analala kwangu, treni ya umeme ilivyoanza 2024 ndo kabisa, mtu anapanda Dar jioni usiku huohuo anagonga mlango. Namba yangu unaigawa wewe.

Ule usiku wa wale vijana watatu wa kwaya yenu sijausahau dada. Mwanangu alikua katoka kuchomwa sindano siku hiyohiyo, homa bado inapanda, ukanipigia saa mbili wameshapanda treni, hukua unaniomba, ulikua unanijulisha. Nikasema sawa dada. Nikawapa kitanda, mi na mtoto tukalala chini jikoni kwenye mkeka, na mgao wa maji ilikua siku ya tatu nina ndoo mbili tu, nikawaachia waoge waende kwenye usaili wasafi, mwanangu nikamfuta na kitambaa. Asubuhi mmoja wao akakupigia kaweka lauspika, akasema tumemsumbua dada wa watu na mtoto anaumwa, nawe ukacheka, "Msijali, huyo hana neno, tangu utoto hana neno." Nilikua nimeshika sufuria la chai, nikawamiminia. Hukuuliza mtoto anaumwa nini. Ilikua nimonia.

Najua ulivyonilea. Uliuza karanga Kibaigwa kwenye vumbi lile la malori ya mahindi ili mi nipate sare, hilo deni silikatai na sitalikataa. Ila nadaiwa na wewe, sidaiwi na kila unaemjua.

Na mama alikua hivihivi, unakumbuka? Mgeni akija ugali wa uwele na mlenda vyote vinaenda barazani, sisi tunakoroga uji, yeye anasema kashashiba. Msibani watu wakasimama mmoja mmoja kusifia ukarimu wake, mi nilikua nawaza tumbo lake lilivyokua linanguruma usiku, maana mi ndo nilikua nalala nae.

Alafu nimegundua kitu, usikasirike. Na wewe hujui kukataa. Mchungaji akikuomba unasema ndio, jirani ndio, mama wa kikoba ndio, alafu ndio zako zote zinakuja kulala kwenye kitanda changu. Jaribu ninachofanya siku hizi, mtu akiomba kitu simjibu palepale, namwambia nitakupigia kesho. Usiku najiuliza, nikikubali hili nitanung'unika? Kama nitanung'unika basi namwambia siwezi, na simdanganyi eti nasafiri, siwezi tu inatosha. Ukimdanganya wiki hii, wiki ijayo anarudi.

Mara ya kwanza kufanya hivyo ilikua kwako, na mkono ulikua unatetemeka. Sikukutukana. Meseji ipo irudie kuisoma, nimeandika samahani mara mbili, na nikazunguka na jua la Dodoma lile mpaka nikampatia huyo mtoto wa shangazi chumba Chang'ombe ya hukuhuku, elfu arobaini kwa mwezi, karibu kabisa na anakofanyia fildi, mwezi wa kwanza nikalipa mimi. Hilo grupuni hukuliandika. Uliandika mji umenipanda kichwani, na wakubwa wote wakaweka alama ya dole, hata baba mdogo aliekaa kwangu wiki tatu anatibiwa jicho.

Lile sanduku la mama bado ninalo, kile kitenge cha bluu ni chako sijakigusa.

Mwezi wa nane zabibu zinavunwa, njoo. Njoo peke yako, nipigie siku mbili kabla nijaze maji, tutabanana kitandani wote watatu. Mtoto kakua, anakuuliza kila siku. Na ukifika usiku usipande bodaboda, nisubiri hapohapo kituoni nakuja kukuchukua.