Kabla ya Alhamisi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi tunasoma Danieli 6, mistari 28 tu, kwa hiyo isomeni mapema. Tulieni kwenye mstari wa 10: amri kwamba atakayemwomba yeyote ila mfalme atatupwe kwa simba imeshatiwa sahihi, naye Danieli anaingia nyumbani, madirisha yanaelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Hilo la kuzoea ndilo limenishika. Hakuanza kuomba kwa kuogopa simba!

Mimi (nakiri) juzi niliandika "Amina" humu chini ya maombi ya watu wanne, nikazima simu nikalala. Sikuwaombea hata mmoja.

Basi kila mtu amchague mmoja wetu, amwombee kuanzia leo, kimyakimya. Atakayechelewa Alhamisi aingie tu, asibishe hodi.