Kipa aliyeangika glavu asiachiwe mfuko wa mipira tu

Kwa Mhariri,

Klabu za Nairobi zinapotafuta kocha mkuu, macho hukimbilia viungo na washambuliaji wa zamani. Kipa mstaafu hukabidhiwa mfuko wa mipira na koni chache, akaambiwa awapigie vijana mashuti kule pembeni. Miaka kumi baadaye utamkuta pale pale. Huo ni upotevu mkubwa wa maarifa, na dawa yake haihitaji fedha nyingi.

Mfano tunao nyumbani. Marehemu James Siang'a alikuwa kipa wa Harambee Stars enzi za Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972 nchini Cameroon. Ndiye huyo huyo aliyekuwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam mwaka 2003 ilipowang'oa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko Cairo. Italia wanaye Dino Zoff: aliinua Kombe la Dunia 1982 akiwa nahodha na kipa wa miaka 40, akaipa Juventus Kombe la UEFA 1990, kisha akaifikisha Italia fainali ya Euro 2000. Julen Lopetegui, kipa wa zamani wa Uhispania, alishinda Ligi ya Uropa na Sevilla 2020. Hawa hawakubahatisha.

Kipa ndiye mchezaji anayetazama mechi nzima ikiwa mbele yake kwa dakika 90. Mpira wa adhabu ukitengwa mita 20 kutoka langoni, yeye ndiye mwenye kuhesabu: ukuta wa watu wanne au watano, umbali mita 9.15, na mtu wa mwisho upande wa mlingoti wa karibu asimame nusu mwili nje ya mstari wa mlingoti huo, ili mpira uliopindwa usipite ubavuni mwake. Ukuta ukijengwa kinyume na hapo, kipa hulazimika kulinda pembe zote mbili peke yake. Tangu 1992, alipokatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, amekuwa beki wa ziada. Tangu 2019 anaweza kumpa beki mpira wa goli, ule wa kuanzisha mchezo kutoka langoni, ndani ya eneo la hatari, na sasa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Mtu aliyefanya hesabu hizo wikendi baada ya wikendi amekwisha kuwa nusu kocha.

Nusu ya pili hana, na tuseme wazi. Miaka yote ya uchezaji wake alitengwa na kocha wa makipa kwa dakika 40 hivi za kila zoezi, huku wenzake wakifundishwa kukaba kwa pamoja, kupokea mpira wakiwa wamempa adui mgongo, na kutengeneza nafasi katikati ya uwanja. Kwa hiyo akipewa timu ghafla, mabeki wake hupangika vizuri, lakini mashambulizi hugeuka mipira mirefu ya kubahatisha. Kosa haliko kwenye kipaji chake. Sehemu hiyo hakufundishwa, basi.

Kipa aanze kusomea ukocha angali anacheza, akifika miaka 29 au 30. Leseni za ukocha za CAF, Shirikisho la Soka Afrika, hupanda kutoka D hadi C, B, A na hatimaye ya Pro, na kila ngazi inadai muda wa kazi uwanjani kabla ya ile inayofuata. Anayesubiri hadi goti limkatae akiwa na miaka 37 atajikuta bado ngazi za chini ilhali wenzake wanaongoza timu. Na kikosi chake cha kwanza kisiwe cha makipa. Apewe watoto wa chini ya miaka 15, wachezaji wasio makipa, jioni mbili kwa wiki, ajifunze kupanga zoezi la viungo watatu dhidi ya wawili na kulisahihisha likivurugika. Siku za mechi za wakubwa, akiwa kipa wa akiba, aandike daftarini ni wapi mpira ulipotea na nani alichelewa kufunga njia.

Wale watakaobaki kufundisha makipa, na wapo wanaoipenda kazi hiyo kwa dhati, nao wana mambo ya kurekebisha. Viwanja vyetu vingi ni vumbi na changarawe. Camp Toyoyo pale Jericho ina nyasi bandia, ambazo nazo huchuna viwiko na nyonga. Kumfanya kijana ajirushe mara 60 kwa zoezi moja juu ya ardhi hiyo ni kumharibia nyonga kabla hajafika ligi. Mirusho 24 yatosha: seti nne za sita, mapumziko ya sekunde 90 kati yake, na siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine zifanyiwe kazi miguu na mikono. Mrusho wenyewe ufundishwe kwa daraja, kijana akiwa ameketi, kisha amepiga magoti, kisha amechuchumaa, ndipo asimame. Mguu wa upande wa mpira upige hatua moja ya mshazari kwenda mbele, na mwili ushuke kwa zamu: shavu la mguu, paja, nyonga, ubavu, bega. Kiwiko kikitangulia chini, bega huumia na mpira huponyoka.

Kosa jingine ni kupiga mashuti mfululizo kutoka mita sita. Hapo kijana hajifunzi kudaka, anajifunza kukisia. Mpira utoke mita 14 hadi 18, baada ya pasi moja ya pembeni, ili alazimike kusogea na kutulia kwa miguu yote miwili kabla haujapigwa. Na tafadhali, mtoto wa miaka 11 asisimamishwe katika lango la mita 7.32 kwa 2.44. Mipira ya juu haifikii kamwe, hivyo huzoea kurudi nyuma kila inapokuja. Tumieni vijiti na kamba mpunguze lango.

Nimalizie na penalti, kwa sababu donda la Agosti 2025 Kasarani, tulipotolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, bado halijapona. Mpira wa kilomita 100 kwa saa huvuka mita 11 kwa takriban sekunde 0.4. Kipa mkongwe anajua kwamba mguu wa kuegemea na nyonga ya mpigaji husema ukweli mapema kuliko macho yake. Maarifa hayo tunawapa makipa pekee, ilhali wanaoyahitaji zaidi ni wapigaji. Kila klabu ingempa kipa wake wa zamani robo saa kila Ijumaa pamoja na wapigaji watano waliochaguliwa.

Kwa Shirikisho la Soka la Kenya, ombi ni moja: kozi ya leseni ya D inapofunguliwa Nairobi, kila klabu iruhusiwe kumleta kipa mmoja ambaye bado anacheza, na ratiba yake ipangwe siku zisizo za mechi.

Mdau wa makipa,
Eastlands, Nairobi