Matangazo mabovu huanzia kwenye brifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu kazi ya matangazo. Makala mliyochapisha hivi karibuni iliwasifu wabunifu kwa kukesha ofisini, ikachukulia usingizi waliokosa kuwa dalili ya kipaji. Sikubaliani nayo hata kidogo. Ukichunguza kwa nini watu wa kampuni za matangazo wanakesha, mara nyingi utakuta kazi iliharibika siku ya kwanza: mteja na afisa anayemhudumia walikubaliana jambo ambalo hakuna aliyelielewa vizuri, wakamkabidhi mwandishi na msanifu wa picha. Usiku huo wa manane hutumika kulipia kosa hilo, na tangazo linalotokana nao huwa bovu vilevile.

Brifu, yaani maelekezo ya kazi, inatakiwa itoshe ukurasa mmoja. Iseme tangazo linazungumza na nani, mtu huyo kwa sasa anafikiri au anafanya nini, tunataka abadilike vipi akishaliona, jambo gani moja tunamwambia, na tuna ushahidi gani kwamba ni kweli. Kisha yafuate mambo makavu: litatokea wapi, kwa vipimo gani, lini, kwa bajeti gani, sheria inataka kiandikwe nini, na nani mwenye kauli ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalokula siku nyingi. Meneja wa masoko anapitisha kazi, halafu mkurugenzi ambaye hajawahi kuisoma brifu anaiona kwa mara ya kwanza siku mbili kabla ya kuchapwa, na hapo kila kitu kinaanza upya. Mwenye kauli ya mwisho asaini brifu kabla mtu yeyote hajashika kalamu.

Sehemu ya walengwa nayo huandikwa kivivu. "Wanaume na wanawake wa miaka 18 hadi 65" hailengi mtu yeyote, kwa sababu hakuna sentensi inayoweza kuwagusa wote hao kwa pamoja. Ukiandika "mtu anayenunua dawa ya meno ileile miaka yote bila kusoma boksi lake", mwandishi tayari ana pa kuanzia: ajue kwanza kinachoweza kumfanya mtu huyo asimame na kusoma boksi.

Na jambo moja liwe moja kweli. Mteja aliyelipia nafasi hutamani bei, ubora, tuzo, namba za simu na habari za bidhaa mpya vyote viingie. Dereva anayepita kando ya bango la barabarani ana sekunde chache tu, ndiyo maana waandishi wengi hujibana kwenye maneno saba hivi. Kuna jaribio lisilogharimu chochote: punguza bango kwenye skrini mpaka lifikie ukubwa wa stempu, mwonyeshe mtu asiyehusika kwa sekunde tatu, kisha muulize linauza nini. Akijibu kwamba picha ni nzuri, bango halijafanya kazi yake.

Ubunifu wenyewe una utaratibu wake, nao unajulikana. Zamani mwandishi aliandika maneno peke yake, kisha akayapeleka chumba cha wachoraji yakapambwe. Bill Bernbach, aliyeanzisha kampuni ya Doyle Dane Bernbach na wenzake huko New York mwaka 1949, akawaketisha mwandishi na msanifu meza moja tangu mwanzo wa kazi. Tangazo la Volkswagen la 1959, lililofanywa na Julian Koenig na Helmut Krone, linaonyesha faida yake: gari dogo katika kona ya ukurasa ulioachwa karibu mtupu, na maneno yanayosifu udogo. Ukiyatoa maneno, picha inaonekana kama kosa la mchapaji. Ukiitoa picha, maneno hayana nguvu. Wazo la namna hiyo huzaliwa na watu wawili wanaobishana wakiwa na muda wa kubishana.

Muda huo ndio unaoibwa kwanza. Tuseme tangazo la ukurasa mmoja limepewa siku 15 za kazi. Siku mbili ni za brifu na maswali yake, nne za kutafuta mawazo, moja ya kuchuja ndani ya ofisi, moja ya kumwonyesha mteja, nne za kupiga picha na kusanifu, mbili za marekebisho, na moja ya kusoma na kuandaa faili la mwisho. Mteja akisema anataka kwa siku saba, siku za kupiga picha na kusanifu haziwezi kupungua sana, kwa hiyo zile nne za kufikiri zinageuka alasiri moja. Na mawazo ya alasiri ya kwanza ni yale ambayo kila mtu angeyapata: familia inayocheka, kijana anayeruka juu, mikono iliyoshikana. Wabunifu wazuri huandika mawazo 30 au 40 kwa haraka ili hayo yaishe, wanalala, kisha asubuhi wanayapitia tena kwa macho mapya. Nusu ya yaliyopendeza jana hufutwa palepale. Anayekesha hapati asubuhi hiyo.

Siku hizi programu za kutengeneza picha zimeleta kishawishi kipya, kwamba kwa kuwa picha hutoka kwa sekunde chache, basi mteja apelekewe sampuli 20 badala ya tatu. Huko ni kumtwika kazi ya kuchagua ambayo ametulipa tuifanye sisi. Paul Rand, aliyesanifu nembo ya IBM, alipoifanyia kazi kampuni ya kompyuta ya NeXT mwaka 1986 alipeleka nembo moja tu, pamoja na kijitabu kilichoeleza sababu zake. Si kila mtu ana jina la kumruhusu kufanya hivyo, lakini mawazo matatu yenye sababu yanatosha.

Marekebisho yanahitaji masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba. Yawe duru mbili. Ya tatu ilipiwe. Maoni yote yakusanywe na mtu mmoja upande wa mteja, yaje kwa maandishi, na yanayopingana yasuluhishwe hukohuko kabla hayajatufikia. Maoni yataje tatizo na kumwachia mbunifu dawa. "Kuza nembo" ni amri. "Sikutambua haraka ni tangazo la nani" ni tatizo, na pengine dawa yake ni kuondoa vitu viwili vinavyoishindania nembo nafasi.

Kuhusu fedha, wasomaji wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi kampuni za matangazo zilijipatia kipato kwa kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya gharama ya nafasi kwenye magazeti, redio na televisheni. Ununuzi wa nafasi ulipotenganishwa na ubunifu, waliobaki na ubunifu wakawa wanauza saa zao za kazi. Hapo ndipo mkesha ulipopata mzizi wa kibiashara. Ili kushinda zabuni, kampuni inaandika saa 80 kwa kazi inayohitaji 140. Zile 60 hazitoweki. Anazilipa kijana mwenye mshahara usiobadilika hata akiondoka saa nane usiku. Jedwali la saa likijazwa kwa uongo ili lilingane na bei, mwaka unaofuata bei hiyohiyo inatumika tena kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha ilitosha. Mashindano ya kuwania mteja bila malipo yanaongeza mzigo: kampuni tano zinatengeneza kampeni nzima, moja inapata kazi, na gharama za nyingine nne zinafidiwa na jasho la wafanyakazi wao.

Haya si malalamiko ya watu wavivu. Japani, mfanyakazi kijana wa kampuni ya matangazo ya Dentsu alijiua Desemba 2015 baada ya kufanya kazi saa za ziada zaidi ya 100 kwa mwezi, na mamlaka za kazi zikathibitisha kwamba kifo chake kilitokana na kazi. Mwaka 2016 kampuni ikaanza kuzima taa za ofisi saa nne usiku, na 2017 mahakama ikaitoza faini ya yeni 500,000. Nasema kwa uzito wote: kuzima taa bila kupunguza kazi kunaihamishia kazi hiyo nyumbani. Kinachopaswa kubadilika ni idadi ya saa zinazoandikwa kwenye bei na idadi ya duru za marekebisho.

Chapa nayo huumizwa na uchovu, ingawa ni uchovu wa aina nyingine. Watu wa ndani wanaliona tangazo lao kila siku, wanalichoka kabla mnunuzi hajaanza kulikumbuka, kisha wanataka sura mpya. Mapema mwaka 2009 Tropicana ilibadilisha boksi la juisi yake Marekani, ikaondoa picha ya chungwa lenye mrija ambayo wanunuzi waliitumia kuitambua rafuni. Mauzo yakashuka, na katika muda wa miezi miwili hivi boksi la zamani likarudishwa. Mwaka 2010 kampuni ya nguo ya Gap iliondoa nembo yake mpya ndani ya wiki moja tu. Kabla ya kugusa chapa, waombe wanunuzi waichore kwa kukumbuka. Kinachojirudia kwenye michoro mingi, iwe rangi, umbo au herufi, kisiguswe. Hayo mengine yanaweza kujadiliwa.

Nimalizie na jambo linalolihusu gazeti lako moja kwa moja, maana makosa ya usiku huwafikia ninyi mwishoni. Faili linaletwa dakika za mwisho likiwa na rangi za skrini badala ya rangi nne za wino, na chungwa lililong'aa kwenye kompyuta linatoka limefifia kwa sababu wino hauwezi kuifikia rangi ile. Picha imechukuliwa mtandaoni ikiwa na pikseli chache, ikikuzwa inaonyesha vijiraba. Namba ya simu imekosewa tarakimu moja na waliosoma wote walikuwa ndio walioandika. Namba isomwe na mtu mwingine, kisha ipigwe kweli.

Karatasi ya gazeti ina mahitaji yake, tofauti na ya jarida linalong'aa. Inanyonya wino na kuutandaza, kwa hiyo jumla ya wino wa rangi nne, kila rangi ikihesabiwa hadi asilimia 100, isizidi kiasi cha asilimia 240, wakati karatasi laini hubeba 300. Picha ya pikseli 200 kwa inchi inatosha pale ambapo jarida hutaka 300. Maandishi madogo meupe juu ya rangi nne hupotea, maana sahani za kuchapia zikisogea hata kidogo herufi zinajaa wino. Yawe makubwa na manene, au yakae juu ya rangi moja. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake.

Naomba basi gazeti lichapishe masharti yake ya kupokea matangazo mahali panapoonekana: vipimo vya kila nafasi kwa milimita, kiwango cha juu cha wino, aina ya faili, na saa ya mwisho ya kupokea, ambayo haitasogezwa kwa mteja yeyote, awe mkubwa kiasi gani. Saa hiyo ikiwa alasiri ya siku mbili kabla ya kuchapwa, afisa wa wateja atakuwa na sharti la kumwonyesha mteja anapodai badiliko la mwisho saa tatu usiku.

Wako,
Mwandishi wa matangazo