Bahari yetu ilitekwa kwa karatasi kabla ya moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala ya toleo lililopita kuhusu biashara ya majahazi, ambayo mwandishi wake ameeleza kwamba Waislamu wa mwambao huu na Wazungu walipambana kama kambi mbili za dini, mpaka zilipokuja meli za moshi zikaimaliza biashara yetu. Maelezo yake ya vyombo kushuka na kaskazi na kupanda na kusi yamenifurahisha sana. Hata hivyo, kuhusu kambi mbili na kuhusu moshi sikubaliani naye.

Kwanza, hatukuwa kambi moja. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 alipata uhasama Mombasa, lakini Malindi alipokewa vyema na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, kwa sababu mtawala wa Malindi alikuwa akitafuta mshirika dhidi ya Mombasa. (Rubani huyo, kinyume na makala, hakuwa Ahmad ibn Majid, yule rubani mashuhuri wa Kiarabu; waandishi wa Kireno wenyewe wamemtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat.) Unguja nako, Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia mwaka 1696, Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea chakula Wareno waliokuwa ndani, na ngome ilipoanguka mwaka 1698 Waomani wakamchukua yeye hadi Maskati. Malkia Mwislamu akiwalisha Wakristo waliozingirwa na Waislamu: jambo hilo halielezeki kwa dini peke yake. Kila bandari ilikuwa ikipima nani angeiachia biashara yake.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, silaha iliyoibana biashara yetu kwa muda mrefu zaidi ilikuwa karatasi. Mizinga ilitangulia, sikatai. Mwaka 1503 nahodha Mreno Ruy Lourenço Ravasco alivikamata vyombo katika maji ya Unguja hadi mtawala wake akakubali kutoa kodi ya mithqali 100 (kipimo cha uzito) za dhahabu kila mwaka, na mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa. Lakini Wareno walikuwa wachache mno kuilinda bahari nzima kwa mizinga, kwa hiyo wakatunga hati ya safari waliyoiita cartaz, neno lenye asili moja na karatasi yetu. Hati hiyo ilimtaja nahodha na chombo chake, ikaeleza aendako na bidhaa alizokatazwa kubeba, na ikamlazimisha kupitia bandari ya Wareno alipe ushuru. Chombo kilichokutwa hakina hati kilikuwa halali kutekwa pamoja na shehena yake. Bahari ambayo watu wa Kilwa, wa Hormuz katika Ghuba ya Uajemi na wa Cambay huko Gujarat waliivuka kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa ikageuka kuwa na bawabu.

Marehemu babu yangu, aliyekuwa nahodha wa mashua ya karafuu kati ya Wete na Unguja, aliziweka karatasi za chombo ndani ya kopo la bati, akalifunga kwa kitambaa kilichopakwa nta. Wajukuu tulipomcheka, alikuwa akisema kwamba tanga likichanika litashonwa.

Waingereza waliurithi mtindo huo wa hati, ingawa wao walikuwa na sababu ambayo sisi Wazanzibari hatuna haki ya kuipuuza. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na iliendelea kwa magendo hata baada ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba wa Juni 1873 wa kulifunga soko na kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Manowari zao, zilizopekua majahazi kutafuta watumwa, zilikuwa na kazi ya kweli. Lakini upekuzi huo huo uliwapa Waingereza mamlaka juu ya kila jahazi, hata la tende na papa mkavu, na manahodha wakatafuta kinga. Wengi, khasa wale wa Sur huko Omani, wakachukua hati na bendera ya Ufaransa, kwa kuwa Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na Waingereza. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na kisiwa chetu cha Pemba alipokiendea chombo chenye bendera hiyo ili akague karatasi zake, na chombo hicho kilikuwa kimepakia watumwa. Ugomvi wa bendera ukafika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliamua kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa wale waliokuwa chini ya himaya ya Ufaransa kabla ya mwaka 1863. Mataifa mawili ya Ulaya yalikuwa yakishitakiana juu ya majahazi ya Waarabu, na aliyesuluhisha hakuwa wa bahari hii.

Ama moshi, meli za kampuni ya Kiingereza zilianza safari za kawaida Unguja mwaka 1872, na Barghash naye akanunua za kwake. Majahazi hayakufa kwa hilo. Yaliendelea kutia nanga Malindi ya Unguja kila kaskazi katika karne iliyofuata, na wazee wengi wa Mji Mkongwe walio hai wanayakumbuka, pamoja na mazulia, tende na kelele za mabaharia.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, sahihisho kuhusu rubani wa Malindi lichapishwe katika toleo lijalo, kwa sababu walimu huwasomea wanafunzi wao kurasa zako.

Wako,
Msomaji wa Wete, Pemba