Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaridi Mfupi wa Rangi Iliyopoa

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati yenu nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu. Tumewaombea mwanzo wa kikao, na vyungu vyao vinamwagiliwa na majirani zao mpaka leo. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina baada yangu, kwa hiyo sitayagusa isipokuwa pale yanapohusu jambo moja ambalo limeingia karibu kila ua wa nyumba zenu.

Jambo hilo ni ile miche ya miaridi myekundu.

Mtakumbuka kwamba mwezi wa tisa kamati ilinunua miche ya jumla kutoka kwa muuzaji mmoja wa nyanda za juu. Picha zilikuwa zinavutia: waridi la damu ya mzee, kichwa kama ngumi, kikonyo kirefu kilichonyooka. Tukaigawa kwa furaha. Kufika mwezi wa pili simu zikaanza kuingia, na mimi nikafunga safari hadi Kigamboni, hapa hapa Dar es Salaam, kwa mama mmoja mwanachama wetu. Nilifika saa 8 mchana. Ua lilikuwa limefunguka asubuhi ile ile, na tayari kingo za petali zilikuwa zimejikunja na kukauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Ile damu ya mzee ilikuwa nyeusi. Nililigusa kwa mgongo wa mkono, lina moto. Hatua tatu kutoka pale, kwenye chungu cha udongo, kulikuwa na mwaridi mwingine usiofika kiunoni, umejaa vishada vya maua madogo ya rangi ya malai. Nao nikaugusa. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Mama akaniambia, “Mwenyekiti, huu aliuacha marehemu mamkwe. Sijawahi kuununulia hata dawa.”

Miche mingi tuliyoigawa imekufa, na iliyobaki ni vijiti vyenye majani mawili matatu. Kamati ilichagua kwa macho, haikuuliza miche ile imezaliwa kwa ajili ya nchi gani. Nawaomba radhi kwa dhati, na kwa sababu fedha iliyotumika ni michango yenu, sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitumia kueleza tulichojifunza, ili mwaka ujao tusinunue tena picha.

Mawaridi ya kukata yanayopelekwa Ulaya hulimwa Naivasha, Kenya, kwenye mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hapa Tanzania kwenye miteremko ya Arusha. Kule usiku ni baridi. Tumba hukua taratibu, hujijaza petali, na sukari ambayo mti umeitengeneza mchana haiteketei usiku. Dar es Salaam ya Januari mchana hupita nyuzi 31, na usiku joto huganda karibu na nyuzi 25. Mti hauna saa ya kupumua. Tumba hufunguka haraka kabla halijakomaa, ua linakuwa dogo, petali chache, na siku zake za kuishi ni mbili tatu. Mwaridi uliochaguliwa ili utoe ua moja kubwa kwenye kikonyo kimoja kirefu unapoteza kila kitu hapo. Mwaridi wenye asili ya kutoa vishada vya maua madogo hupoteza kidogo sana, maana hakuna aliyetarajia ngumi kutoka kwake.

Rangi nayo ina kazi yake, wala sisemi hivi kwa mapenzi ya weupe. Petali nyeusi-nyekundu hunywa jua kama bati lililopakwa rangi nyeusi, na kingo ndizo za kwanza kuungua kwa sababu ni nyembamba na maji huzifikia mwisho. Nyeupe, malai, manjano ya mbali na pinki ya mbali hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Isitoshe, joto lenyewe hupunguza utengenezaji wa ile rangi nyekundu ndani ya petali. Ndiyo maana mti mmoja wa pinki unaweza kutoa maua karibu meupe mwezi wa pili na pinki iliyokolea mwezi wa saba, na mwenye nyumba akadhani kabadilishiwa mche. Anayenunua rangi nzito kwa pwani ananunua kitu atakachokiona wakati wa kipupwe tu. Anayenunua rangi iliyopoa hupata alichokiona dukani, mwaka mzima. Na jioni, mnapotoka nje baada ya jua kuzama, ni maua meupe peke yake yanayoonekana. Mimi binafsi hilo pekee lingenitosha.

Kuhusu kimo, naomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa wengi wetu tumedanganyika bila mtu kutudanganya. Vibao vya miche vimeandikwa kwa nchi ambazo baridi kali huukata mti kila mwaka na kuulaza usingizi. Kwetu mwaridi haulali. Kibao kikisema sentimita 90, tarajia mita moja na nusu usipoupogoa. Kwa hiyo anayetaka mti wa kiunoni atafute ule ambao Wazungu wanauita wa gotini. Na tunautaka mfupi kwa sababu za msingi: unakunywa maji kidogo, kivuli chake kinafunika udongo wake wenyewe, upepo wa kusi hauutingishi mpaka mizizi, na nyumba nyingi za wanachama hazina bustani, zina ukumbi na ngazi.

Sasa aina. Ule unaofahamika zaidi ni Iceberg, mweupe, uliotolewa Ujerumani na Kordes, kampuni ya kuzalisha miaridi, mwaka 1958, na kwao unaitwa Schneewittchen. Ni mti wa kuaminika na miiba yake ni michache, lakini kwetu hupita kimo cha mtu mfupi usipodhibitiwa, na masika huubandika madoa meusi. Niuweke kwenye orodha, ila pembezoni mwa orodha. The Fairy, wa Uingereza, 1932, ni mfupi kweli, hutanda zaidi kuliko kusimama, na vishada vyake vya pinki ya mbali hupauka hadi weupe juani. Hauna harufu ya maana. Anayetaka kikuba asiutegemee. Kwa harufu nawaelekeza kwenye Marie Pavié wa mwaka 1888, mweupe wenye haya ya pinki kwenye tumba, karibu hauna miiba, na kimo chake ni cha chungu. Ndugu zake wa Ufaransa wa zama zile zile, Cécile Brünner wa 1881 na Perle d'Or, wana matumba madogo yaliyochongeka vizuri kiasi kwamba bibi zetu wangeyapachika kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani bila kuyapunguza. Lakini ukiagiza Cécile Brünner, taja kwamba unataka wa kichaka, maana upo unaopanda, na ule utafika darini. Na upo Ducher wa mwaka 1869, mweupe wa malai wa ukoo wa China. Miaridi ya ukoo huu ndiyo iliyopeleka Ulaya tabia ya kuchanua mwaka mzima, na joto haliiogopeshi.

Kuna mmoja ambao nimeombwa mara nyingi niuzungumzie, nao ni Souvenir de la Malmaison, wa Lyon, 1843. Ni mfupi, ni wa pinki ya mbali, na picha zake zinatoa machozi. Kwa Dodoma, kwenye joto kavu, ningeuombea nafasi. Kwetu hapa unyevu wa pwani hugandisha petali za nje, na tumba huoza likiwa limefumba. Nasikitika kuusema hivyo, kwa sababu ukoo wake, wa Bourbon, ulianzia kwenye bahari yetu hii. Mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye kisiwa cha Réunion ambacho wakati ule kiliitwa Bourbon, wakulima walipanda miaridi kuwa uzio wa mashamba yao. Mwaridi wa pinki kutoka China na ule wa damaski ukazaana wenyewe kwa wenyewe kwenye uzio huo, na mbegu zikapelekwa Paris. Kwa hiyo wanaosema waridi ni la wenye baridi wakumbuke kwamba uzazi mkubwa mmoja ulifanyika huku huku Bahari ya Hindi, chini ya jua.

Na kwa wale wanaotaka mwaridi wa marashi kama wa Oman: ule wa Jebel Akhdar unakaa kwenye mita 2,000 hivi na unahitaji baridi ya kweli ili uchanue, tena kwa msimu mmoja tu. Tafadhali msilete vipandikizi vyake kwenye mizigo. Mtapata majani.

Rangi iliyopoa ina adui wake, na itakuwa si haki nikiificha. Thripsi, vile vidudu vyembamba kama kipande cha uzi, hupenda maua meupe na ya manjano kuliko mengine. Ukiona tumba jeupe lina kingo za kahawia na halifunguki, likate, likung'ute juu ya karatasi nyeupe, utaviona vikitembea. Dawa ya kwanza ni kukata maua yaliyochoka kila asubuhi na kuyafunga kwenye mfuko, yasitupwe chini ya mti. Mvua za masika nazo hutia vidoa vya pinki kwenye petali nyeupe. Ni ukungu, na hewa ikipita vizuri kati ya matawi hupungua. Utitiri mwekundu wa kiangazi hauchagui rangi: osheni chini ya majani kwa maji ya kasi saa za asubuhi, na jua liyakaushe. Madoa meusi hutaka jani libaki limelowa kwa saa nyingi, kwa hiyo anayemwagilia majani jioni anayakaribisha mwenyewe.

Mchanga wetu ni habari nyingine. Wanachama wa Kigamboni na wa kando ya bahari wamepoteza miaridi mizuri kwa sababu ya minyoo fundo, inayovimbisha mizizi mpaka inafanana na shanga. Florida, ambako mchanga na joto ni kama wetu, miaridi hubebeshwa kwenye mzizi wa Fortuniana, unaoistahimili minyoo hiyo. Tunautafuta mzizi huo. Kwa sasa chungu ni kimbilio: chungu cha udongo, chenye tundu, chenye mboji na samadi iliyoiva. Ndoo nyeusi ya plastiki haifai. Nilitia kidole kwenye moja saa 9 alasiri, nikakitoa. Mizizi ilikuwa inapikwa. Matandazo ya makumbi ni mazuri, lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni yana chumvi. Yaloweke na kuyamwaga maji mara kadhaa kwanza. Maji ya kisima pia yaonjeni. Yakikolea ulimini, mwaridi hauyawezi, na kingo za majani zitaungua mkadhani ni jua. Pahali pazuri ni upande wa mashariki wa ukuta, jua la asubuhi hadi saa 6 au 7, kisha kivuli.

Mambo mengine kwa kifupi. Mikutano ya mwezi imefanyika isipokuwa ule wa Ramadhani. Darasa la kupogoa lilijaa kuliko tulivyotegemea na litarudiwa kipupwe hiki, kwa msisitizo wa kupogoa kidogo: miaridi hii ya kale haipendi kukatwa hadi chini. Ada zimechelewa, mweka hazina atasema.

Kamati inawaombeni ridhaa ya mambo mawili. La kwanza, fedha ya miche ya mwaka ujao isitumike kununua kwa wingi, bali kwa miche michache ya Marie Pavié, Ducher na Perle d'Or, iagizwe kwa kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ipandwe kwenye kiwanja cha chama, na isigawiwe mpaka ivuke kaskazi moja na masika moja mbele ya macho yetu. La pili, tuzalishe wenyewe. Aina hizi ni za zamani, hazina mwenye haki wa kumwomba, na hutoa mizizi kwa kipandikizi bila kubebeshwa. Aina mpya ni tofauti: Tanzania imo tangu 2015 kwenye UPOV, mkataba wa kimataifa unaolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na kuzizalisha kwa kuuza bila ruhusa ya mgunduzi ni kosa. Sitaki chama hiki kijulikane kwa hilo.

Tumeanza na ule wa Kigamboni. Vipandikizi vimefungwa kwa gazeti bichi ndani ya ndoo iliyo pembeni ya meza ya katibu, vya urefu wa penseli mpya, majani mawili juu. Kila mwanachama achukue viwili, avichomeke kivulini hadi nusu, avifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na asivivute kuangalia mizizi kabla ya wiki sita. Mama mwenye mti hakutaka malipo. Ameomba tu tusiuite kwa namba. Kwenye daftari la chama tumeuandika kama anavyouita yeye: Mwaridi wa Mamkwe.